Agosti ya Kakamega, Asubuhi ya Dunga

Kakamega hakuna majira ya joto, wala hakuna ziwa. Mji uko karibu sana na ikweta, mita zaidi ya 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Julai na Agosti, wakati watu wa Ulaya wanavua makoti na kukimbilia fukwe, ndiyo miezi ambayo mama wa Kakamega humvika mtoto sweta kabla hajatoka nje asubuhi. Hata hivyo familia changa za mji huu zina msimu wao wa raha, na baadhi yake huumalizia kando ya maji. Msimu huo hauletwi na jua. Huletwa na kalenda ya Wizara ya Elimu.

Mwaka wa shule nchini Kenya una mihula mitatu na likizo tatu. Likizo ya Aprili huangukia wakati wa palizi, na mwenye hata robo ekari ya mahindi kwao Shinyalu au Butere hana nafasi ya kutembea. Ile ya Novemba na Desemba ndiyo ndefu kuliko zote, lakini hiyo ni mali ya ukoo. Walio Nairobi na Mombasa hurudi, nauli za matatu hupanda, kuku huchinjwa, harusi na kumbukumbu za marehemu hufuatana, na wanandoa wenye watoto wawili hujikuta wakipikia watu ishirini. Inayobaki ni likizo ya Agosti. Ni fupi, kwa kawaida wiki mbili au tatu, na pengine ufupi wake ndio unaoiokoa: hakuna shangazi atakayetoka Mombasa kwa ajili ya wiki mbili. Baba, mama na watoto hubaki wenyewe, pamoja na majirani.

Agosti pia huikuta nyumba ikiwa na nafuu. Mei na Juni ni miezi migumu magharibi mwa Kenya, kwa sababu mahindi ya mwaka uliopita yamekwisha ghalani na mapya bado yako shambani. Ifikapo Agosti, yaliyopandwa Machi yameanza kuvunwa, bei ya gorogoro, kopo la kupimia nafaka, imeshuka, na kando ya barabara ya Kisumu makaa ya kuchomea mahindi hayazimiki tangu asubuhi hadi magari ya usiku. Fedha iliyokuwa ikienda kwenye unga sasa inaweza kwenda kwenye nauli.

Ziwa lenyewe liko Kisumu, kilomita kama 50 kusini, na watu wa Kakamega huishi nalo kila siku bila kuliona. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya ardhi hupanda, na upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria huvutwa kuelekea milimani. Ukifika upande wa Kakamega hukutana na pepo za mashariki karibu na miinuko ya Nandi. Hapo hewa husukumwa juu, mawingu hujikusanya, na kuanzia saa nane au saa tisa alasiri ngurumo husikika. Ndiyo sababu Kakamega hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya Nairobi, na ndiyo sababu msitu wake umebaki kuwa kipande cha mashariki cha ile misitu mikubwa ya mvua inayoanzia Kongo. Maji hayo hurudi yalikotoka. Mto Isiukhu huyapeleka kwenye Nzoia, Yala hukusanya yake upande wa kusini, na mito hiyo yote miwili humwaga ziwani.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa kwanza, upepo hutoka mlimani kwenda majini, na radi hupiga juu ya ziwa kabla ya alfajiri. Katikati ya zamu hizo mbili kuna saa chache za utulivu, tangu jua linapochomoza hadi saa tano hivi, ambapo maji hulala kimya na mawingu ya Kakamega bado hayajajikusanya. Matembezi ya familia yenye watoto wadogo hutoshea katika nafasi hiyo. Anayeondoka Kakamega saa nne atafika kwenye mawimbi na kurudi kwenye matope.

Safari hiyo ni nadra kufanywa na familia moja. Katika mitaa kama Amalemba, Kefinco na Lurambi, nyumba hupakana ukuta kwa ukuta, mabomba ya maji mara nyingi ni ya pamoja, na watoto hulelewa uwanjani na yeyote aliye karibu. Serikali ilipoanzisha mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013 ili majirani wajuane kwa ajili ya usalama, mitaa ya namna hii ilikuwa imeshajuana zamani, tena kupita kiasi, kama atakavyokiri yeyote ambaye mboga yake imewahi kujadiliwa kibarazani kabla haijaiva. Chama cha kina mama ndicho hupanga. Kila wiki kila mmoja hutoa kidogo, na ikifika Agosti sehemu ya akiba hukodisha matatu ya abiria 14. Familia tatu huijaza, watoto wakipakatwa, jambo ambalo askari wa barabarani hawalipendi nao wana haki. Ya nne hubaki: huwalisha kuku wa wote, huanua nguo mvua ikitishia, na hutarajia fungu lake jioni.

Barabara inaanza kusimulia mapema. Ilesi, kilomita chache tu kutoka mjini, kuna mwamba mrefu kama nguzo, wa mita 40 hivi, wenye jiwe jingine lililokaa juu yake kama kichwa. Maji hutiririka kwenye ubavu wake hata siku zisizo na mvua, na wenyeji Waisukha na Waidakho huuita Ikhongo Murwi. Katika Kiswahili umezoeleka kama jiwe linalolia. Kuna visa kadhaa vya kueleza kilio hicho, na mzazi aliye na mtoto dirishani huchagua kile kinachofaa umri wake. Baada ya hapo ni Khayega, mahali pa mapigano ya fahali, kisha Chavakali, Mbale, Majengo na Kiboswa, mashamba yakizidi kuwa madogo na nyumba zikizidi kubanana, kwa kuwa Vihiga ni miongoni mwa kaunti za mashambani zenye watu wengi zaidi kwa eneo lake.

Baada ya Kiboswa barabara inateremka. Kisumu iko chini ya Kakamega kwa karibu mita 400, na hewa hupata joto la nyuzi mbili au tatu zaidi kwa mteremko wa kiasi hicho. Sweta huvuliwa ndani ya gari, kabla ya Mamboleo. Kwa hesabu ya haki, hayo ndiyo majira ya joto ya familia ya Kakamega: mteremko wa dakika ishirini. Na hapo, kushoto na kulia kwa mabati ya mji, maji huonekana.

Kinachoonekana si ziwa lote, wala si sehemu kubwa yake. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na Kenya ina asilimia sita tu. Nyingine zimegawanywa kati ya Tanzania na Uganda. Mbele ya Kisumu ni Ghuba ya Winam, mkono mrefu wa maji ya kina kifupi ulioingia nchi kavu. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka 1901, bandari ikaitwa Port Florence, na tangu wakati huo upande wa mji umekuwa wa meli, maghala na hoteli. Ukielekea kusini, ukipita hifadhi ndogo ya swala iliyoanzishwa mwaka 1992, ambako watoto wengi wa Kakamega humwona simba kwa mara ya kwanza, unafika Dunga.

Dunga ni kijiji cha wavuvi kilichomezwa na jiji bila kuyeyuka. Upande mmoja kuna maji ya ghuba, upande mwingine kinamasi cha mafunjo marefu kuliko mtu, na katikati mitumbwi iliyopakwa rangi, mabanda ya kukaangia samaki, wachuuzi, mafundi wa nyavu na watoto. Mgeni anayekuja kupumzika huona ufuo. Mwenyeji huona mahali pa kazi, na kazi hiyo ina saa zake. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mgeni atafurahi au atachukiza. Familia inayotandika leso mahali pa kuanikia dagaa wa omena, au inayowapiga picha wanaume wakivuta wavu kana kwamba ni ngoma ya utalii, itajibiwa kwa adabu, lakini samaki wake atachelewa.

Agosti ina uzito wa pekee ufuoni. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya ili samaki hao wadogo wazaane na kukua. Kwa hiyo likizo ya shule hukutana na kufunguliwa kwa ziwa. Usiku usio na mbalamwezi mitumbwi hutoka na taa, zamani za karabai na siku hizi nyingi za umeme wa jua. Mwanga huwavuta wadudu wa majini na omena hufuata, kisha wavu wa matundu madogo huzungushwa. Mtu akisimama Dunga usiku wa namna hiyo huona taa zimepangana majini hadi upeo wa macho. Alfajiri mitumbwi hurudi, wanawake huwa wameshajipanga na ndoo zao, bei hukubaliwa kwa kelele nyingi na mahesabu machache ya karatasi, na ndani ya saa moja omena huwa wametandazwa juani juu ya nyavu kuukuu. Saa mbili za jua kali hubadilisha rangi yao. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, huoza na kuuzwa kama chakula cha kuku.

Familia ya Kakamega iliyowahi kufika huikuta kazi hii ikiwa katikati, na watoto hujifunza hapo kwa nusu saa zaidi ya wanachopata kwenye ukurasa wa kitabu. Huona kwamba mwenye mtumbwi, mwenye wavu na anayepiga kasia mara nyingi ni watu watatu tofauti wanaogawana pato. Huona kwamba samaki akishatua nchi kavu, biashara ni ya wanawake. Huona pia mizani, na mtu mwenye daftari. Huyo ni wa kamati ya ufuo, BMU kama kila mtu anavyoiita. Tangu kanuni za mwaka 2007, kila ufuo wa kutua samaki unapaswa kuwa na kamati yake, yenye wenye vyombo, mabaharia, wachuuzi na mafundi ndani yake, na wanawake wasiachwe nje. Kamati huandikisha vyombo, hukagua nyavu haramu, husuluhisha magomvi na huongoza msako mtumbwi usiporudi.

Msako huo ndio unaoeleza ukaribu wa watu wa Dunga vizuri kuliko salamu zao. Ziwa huua. Dhoruba za alfajiri huja na upepo wa ghafla, mitumbwi ni ya mbao, na wavuvi wengi hutoka bila jaketi la kuokoa maisha kwa kuwa ni ghali au linabana kazini. Chombo kinapochelewa, aliyegombana jana na mwenyewe ndiye huwasha injini ya kwanza. Ukaribu wa mitaa ya Kakamega hujengwa na bomba la maji na watoto. Huu wa ufuoni umejengwa na hofu ya pamoja, na una sheria kali zaidi. Mtoto wa mgeni akisogea majini, sauti ya kwanza kumkemea haitakuwa ya mama yake. Wazazi wengine wa mjini hukereka kusikia mtoto wao akikaripiwa na mtu wasiyemjua. Wangepaswa kushukuru na kumwamkia.

Kukaripiwa huko kuna sababu nyingine. Maji ya pembeni, hasa yenye majani na yasiyotembea, ni makazi ya konokono wadogo wanaobeba kichocho. Viluwiluwi vya ugonjwa huo hutoka kwenye konokono na kupenya ngozi ya anayesimama majini, hata kwa dakika chache, bila maumivu ya maana wakati huo. Miezi baadaye huja damu kwenye choo, tumbo kuuma, mtoto kudhoofika. Dawa ipo, prazikwanteli, na hutolewa katika shule za ukanda wa ziwa, lakini haimkingi mtoto asiambukizwe tena. Kuna viboko pia. Eneo la jirani halikuitwa Hippo Point bure, na kiboko anayerudi majini asubuhi hapishi mtu. Kwa hiyo raha ya maji Dunga ni ya kupanda mtumbwi, si ya kuoga. Mtumbwi wa kubeba wageni una nahodha aliyesajiliwa na jaketi kwa kila abiria, watoto wakiwemo. Wenye busara huulizia jaketi kabla ya kuulizia bei.

Saa moja majini inatosha. Vijana wa Dunga wanaoongoza wageni hupita kando ya mafunjo, ambako huishi ndege asiyepatikana nje ya mafunjo, mweusi mgongoni, kifua chekundu na utosi wa manjano, ambaye watazamaji wa ndege huvuka bahari kumtafuta na ambaye mtoto wa darasa la pili humwona kwa macho matupu na kumnyooshea kidole. Nzohe, swala wa majimaji, wamo humo pia, ila hawaonekani kwa urahisi. Mafunjo hayo hukatwa kwa mikeka na vikapu, na kazi yao nyingine haionekani: huchuja uchafu wa jiji kabla haujaingia ghubani. Kila kipande kinachofyekwa kwa ajili ya shamba au jengo ni kichujio kilichoondolewa.

Siku nyingine hakuna safari ya majini kabisa, kwa sababu gugumaji limefunga njia. Mmea huo wa Amerika Kusini, wenye ua zuri la zambarau, uliingia upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990 na mwishoni mwa muongo huo ulifunika sehemu kubwa ya ghuba. Mbawakavu walioletwa kuula walisaidia, ukapungua, lakini haujaondoka. Upepo ukivuma kuelekea Kisumu, mkeka wa kijani hujibana ufuoni usiku mmoja, na mitumbwi hukwama kana kwamba imepandwa. Ziwa nalo hupanda na kushuka. Mei 2020 lilifikia kina kisichokuwa kimeonekana tangu 1964, likaingia katika nyumba na mabanda ya chakula ya fukwe nyingi. Watu walihamisha meko, wakasubiri, wakarudi.

Chakula cha mchana ndiyo sababu halisi ya safari kwa akina baba wengi, ingawa husema ni kwa ajili ya watoto. Samaki mzima, aliyekatwa mapengo ubavuni na kukaangwa hadi mapezi yanavunjika, huja na ugali, sukuma wiki na pilipili. Majina hujifunzwa mezani: ngege, mbuta, kamongo, mumi. Historia yao ni ya kusikitisha kidogo. Mbuta alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, akalipuka kwa wingi miaka ya 1980, akalisha viwanda vya kusafirisha minofu Ulaya na kuwamaliza mamia ya aina za fulu, samaki wadogo wasiopatikana kwingine duniani. Ngege wa siku hizi naye kwa sehemu kubwa ni yule wa Mto Naili aliyeletwa wakati uo huo, kwa kuwa wa asili amekuwa adimu. Wengine hufugwa katika vizimba vinavyoonekana kutoka mtumbwini. Na kwa kuwa mavuno ya ziwa hayatoshi tena, samaki waliogandishwa kutoka China huuzwa hadi Kisumu kwenyewe, kwa hiyo mgeni aliyesafiri kilomita 50 kula samaki wa ziwa ana haki ya kumwomba mpishi amwoneshe samaki huyo kabla hajaingia kwenye mafuta.

Mezani ndipo pia mzaha wa zamani hufufuka, wa Mluhya wa Kakamega na kuku wake na Mjaluo wa Kisumu na samaki wake. Hukolea kwa sababu una ndoa nyingi nyuma yake. Wachuuzi kutoka Vihiga na Kakamega wamekuwa wakishuka kununua samaki na kupandisha mahindi, ndizi na kuku kwa vizazi, na ni shida kupata mtaa wa Kakamega usio na shemeji wa Kisumu. Mwenye kibanda akishajua wageni wametoka wapi, huwaamkia kwa mulembe, salamu ya Kiluhya, huuliza kuku wako wapi, na bei ya pili huwa nafuu kuliko ya kwanza.

Saa saba upepo umeshaanza kuvuma kutoka majini, na mawimbi madogo yanapiga ubavu wa mitumbwi iliyofungwa. Huo ndio upepo utakaoleta mvua Kakamega baada ya saa mbili, kwa hiyo gari na mawingu huondoka Kisumu karibu pamoja. Kabla ya kuondoka kina mama hununua omena wakavu kwa gorogoro, wakichagua waliong'aa kama fedha na wasio na mchanga. Wale wenye rangi ya njano walinyeshewa. Omena mkavu hukaa wiki kadhaa bila jokofu, na ndiye samaki wa bei ndogo kuliko wote ingawa huliwa mzima, mifupa na yote, akimpa mtoto protini na kalisi ambazo minofu ya bei ghali haimpi kwa kiasi hicho. Jioni huoshwa kwa maji ya moto mara mbili, hukaangwa na kitunguu na nyanya, na sahani ya kwanza huvuka ua kwenda kwa jirani aliyebaki na kuku, ambaye kwa wakati huo huwa ameshaanua nguo za nyumba zote nne.